Mali ya Mji Ikipotea, Ni Nani Mwenye Kuulizwa?

Katika masuala yaliyoletwa mbele ya darsa yetu mwezi huu limo moja ambalo kwa juu laonekana dogo, na ndani yake ni zito. Suala lenyewe ni hili: mali ya mji ikipotea, kisima kilichoandikwa katika daftari kisichimbwe, barabara iliyolipiwa isionekane, ni nani mwenye kuulizwa? Je, ni yule aliyekabidhiwa peke yake, au pamoja naye ni wale waliokuwapo wakanyamaza? Tumelizungumza kwa masiku kadhaa, na hatukuafikiana mara moja. Tumeona ni vyema tuwaandikie wasomaji wetu yale tuliyoyafikia, wapate kuyapima, na kuturudi pale tulipokosea.

Ili maneno yetu yasielee hewani, tumechagua mji mmoja uwe mfano, nao ni Mutomo, katika nchi ya Ukambani. Huenda msomaji wetu wa Mombasa, au Malindi, au Lamu akauliza: kwa nini Mutomo? Hatuna miji yetu? Jawabu ni kwamba mtu akitajiwa mji wake mwenyewe, mara humkumbuka rafiki yake aliye katika kazi ya serikali, au adui yake aliyeshindwa uchaguzi, naye husahau suala akashika watu. Mji wa mbali hutazamwa kwa jicho lisilo na ghadhabu wala mapenzi. Akisha kuhukumu huko kwa uadilifu, basi airudishe hukumu ile nyumbani kwake, kama atathubutu.

Tena Mutomo si mbali nasi kama tunavyodhani. Mwenye kutoka Mombasa kwenda Nairobi akifika Kibwezi, akageuka upande wa kulia, huvuka mto wa Athi, akapita Ikutha, na ndipo afike Mutomo, upande wa kusini wa Kitui. Mto ule ule wa Athi ndio mpaka baina ya Kitui na Makueni; nao huteremka ukakutana na mto wa Tsavo, ukaitwa Galana, kisha ukaitwa Sabaki, ukaingia baharini karibu na Malindi. Maji mekundu tuyaonayo kule Malindi wakati wa mvua yamebeba udongo wa bara. Shamba lililoachwa uchi huko juu, na mti uliokatwa kuchomwa makaa, khabari yake hutufikia sisi katika pwani yetu. Wala haya si mambo ya leo tu. Tangu karne ya kumi na tisa misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka na pembe kuja Mombasa, na watu wetu walikuwa wakipanda kwenda Kitui kufanya biashara. Watu waliokwisha kula na kuuziana hawaitani wageni.

Nchi ile ni kavu. Ina misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na msimu wa mwezi wa Novemba na Desemba ndio utegemewao zaidi. Ukikosekana huo, hakuna mtama wala kunde, na mbuzi hukonda. Basi katika mji kama huo maneno kama "makisio ya fedha" na "mradi wa maji" si maneno ya makarani. Bwawa lililochimbwa vibaya maana yake ni mama kutoka alfajiri na punda wake akarudi jua limepinduka. Ni mtoto wa kike aliyeacha skuli kwa kuwa mikono yake yatakiwa mtungini. Mwenye kuiba fedha ya taa za barabarani katika mji mkubwa ameiba, nalo ni kosa. Lakini mwenye kuiba fedha ya maji katika nchi ya kiu amechukua jambo ambalo hata akilirudisha kesho halitamfaa aliyelikosa leo.

Sasa na turudi katika suala. Katika darsa yetu walisimama watu wa rai mbili.

Wa kwanza walisema: Mwenye kuulizwa ni aliyekabidhiwa, na hapana mwengine. Yeye ndiye aliyeiomba kazi, akaapa, akapewa mshahara na ufunguo. Mwananchi maskini ana nini? Hakuona daftari, hakutia saini, hakulala katika nyumba iliyojengwa kwa fedha ile. Kumtia yeye hatiani ni kumdhulumu mara mbili: kwanza ameibiwa, kisha aambiwa kuwa yeye ni mshirika wa mwizi.

Wa pili walisema: La, viongozi hawashuki kutoka mbinguni. Watu wenyewe ndio waliowachagua, na wengine walipokea kitu kidogo ili wawachague. Waliitwa kwenye baraza hawakwenda, na waliokwenda walingojea nauli na chakula, wakaondoka. Mwenye kuacha mlango wazi usiku kucha, asubuhi asimlaumu mwizi peke yake.

Sisi twaona kila rai katika hizi ina nusu ya haki, na nusu ya haki ikishikwa kama kwamba ni haki nzima hugeuka kuwa udhuru. Rai ya kwanza humpa mwananchi udhuru wa kulala. Rai ya pili humpa mwizi udhuru wa kuiba. Kwani mwizi hapendi kitu kama kuambiwa kwamba sote ni wezi.

Kabla ya kuamua, yafaa tujue namna watu wa mji kama Mutomo walivyofikia kuzoea kunyamaza, kwani desturi haianzi bila ya sababu. Zamani Wakamba hawakuwa na mfalme. Mambo ya kijiji, ambacho wao hukiita utui, yalikuwa yakiamuliwa na wazee katika nzama, yaani baraza lao. Kazi kubwa isiyowezwa na nyumba moja ilikuwa ikifanywa na jirani zote pamoja, na kazi hiyo huitwa mwethya. Katika mwethya hapana asiyejua nani amekuja na jembe na nani amekaa nyumbani. Hesabu yake ilikuwa wazi kwa sababu mali yake ilikuwa ni jasho, na jasho halifichiki.

Ulipokuja utawala wa Kiingereza, waliwekwa machifu waliowajibika kwa Bwana Dii-Sii na si kwa watu wao. Mwaka 1924 ilitolewa sheria ya kuunda mabaraza ya wenyeji, lakini mwenyekiti wa kila baraza alikuwa ni yule yule mkuu wa wilaya Mzungu. Mwaka 1950 mabaraza hayo yakapewa jina jipya na madaraka zaidi kidogo. Baada ya uhuru mwaka 1963 zikaja halmashauri za kaunti, zikasimamia skuli za msingi, zahanati na barabara. Lakini haukupita muda, kwani sheria ya mwaka 1969 ilizinyang'anya kazi hizo, na tangu 1970 zikarudi katika serikali kuu. Mwaka 1983 ukaanzishwa mpango wa kuifanya wilaya iwe ndiyo kiini cha maendeleo, na kamati zake zikaongozwa na wakuu wa wilaya waliotumwa kutoka Nairobi.

Basi tazama, msomaji: kwa muda wa vizazi vitatu mtu wa Mutomo alifundishwa somo moja, kwamba serikali ni kitu kitokacho nje, hukaa katika nyumba ya mabati yenye bendera, na hutoa au hunyima kama mvua. Neno "baraza" kwake likawa ni mkutano wa kuambiwa, wala si mkutano wa kuuliza. Mtu aliyelelewa hivyo, na baba yake akalelewa hivyo, hatuwezi kumshangaa akinyamaza. Huu ni udhuru wa kweli, nasi twaukubali.

Lakini udhuru ule una mwisho wake. Katiba ya mwaka 2010 imegeuza hukumu ya mambo haya, na baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 serikali za kaunti zikaanza kazi. Kitui ina wadi 40, na chini yake vijiji 247 vya utawala. Na Mutomo ni moja katika wadi sita za jimbo la Kitui Kusini. Katiba imeamrisha kwamba sehemu isiyopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa igawiwe kaunti. Imeamrisha pia kwamba mabunge ya kaunti yafanye kazi yao mbele ya watu na kuwashirikisha. Ama sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, imeweka tarehe, nazo tunazitaja hapa kwa kuwa hazina siri. Mpango wa maendeleo wa mwaka ufikishwe bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba kupita. Waraka wa mwelekeo wa fedha ufike mwisho wa Februari. Makisio yenyewe yafike kabla ya kupita tarehe 30 Aprili, na yapitishwe kabla ya kwisha Juni, kwani mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Sheria hiyo yataka pia sehemu isiyopungua asilimia 30 ya makisio ya kaunti iende katika maendeleo, si katika mishahara na safari. Na sheria ya mwaka 2016 imempa kila raia haki ya kuomba khabari iliyo katika ofisi ya umma. Ombi lake laweza kuandikwa kwa Kiswahili, halitozwi ada, na lajibiwa ndani ya siku 21.

Tumeyataja haya ili mtu asiseme kwamba mlango umefungwa. Mlango haukufungwa. Labda una kutu, labda bawabu wake ni mkali, labda mwenye kuupita hutazamwa vibaya, lakini haukufungwa. Na hapa ndipo hukumu inapobadilika. Mtu aliyefungiwa nje hana lawama kwa asichokiona. Mtu aliyefunguliwa, kisha akapendelea kukaa kivulini, yeye ana swali la kujibu.

Swali hilo ni la namna gani? Wanavyuoni wetu walikwisha kutupa kipimo kinachofaa, ijapokuwa wengi wetu tumekiacha katika vitabu vya fikihi. Wao wamegawanya faradhi mafungu mawili: faradhi ya kila mtu kwa nafsi yake, kama sala, na faradhi ya kutosheleza, ambayo wakiifanya baadhi ya watu wengine husamehewa, na ikiachwa na wote, basi wote wamepata dhambi, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Tumezoea kutaja mfano wa kuzika maiti. Maiti akilala mjini bila ya kuzikwa, mji mzima una hatia; na akizikwa na watu kumi, mji mzima umeokoka. Sisi twasema kuwa kuiangalia mali ya umma ni faradhi ya namna hii hii. Haitakiwi kila mama wa Mutomo aache punda wake kisimani aende kusoma makisio ya fedha. Yatakiwa wawepo watu wa kutosha waendao, wasomao, waulizao, kisha wakarudi kuwaambia wenziwao. Wasipokuwapo hata hao, hapo ndipo mji mzima huwa umemwacha maiti wake juani.

Kipimo hiki, kwa rai yetu, huzipatanisha zile rai mbili. Aliyekabidhiwa ana faradhi yake ya nafsi, nayo ni amana. Akiihini, dhambi yake haipunguzwi na usingizi wa watu hata kwa chembe. Nao watu wana faradhi yao ya pamoja, nayo ni kuangalia. Wakiiacha, wana dhambi yao, lakini si dhambi ya wizi. Ni makosa mawili, yana wenyewe wawili. Mwizi hawezi kuligawa kosa lake kwa watu, na watu hawawezi kulificha lao nyuma ya mwizi.

Tena maneno yale "kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake" ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi. Katika Mutomo, kama katika kila mji, wamo walimu, wenye maduka, manesi, makarani waliostaafu, wachungaji wa makanisa na maimamu, na vijana wenye simu za mkononi na elimu ya kuzitumia. Hao ndio ambao udhuru wao ni mwembamba. Maskini wa mwisho, aliye mbali na barabara, asiyejua kusoma, mwenye kuogopa kwamba akisema jina lake litafutwa katika orodha ya chakula cha msaada, yeye hatumtii mzigo huu. Na mwenye kumtia yeye mzigo akawaacha waliosoma amegeuza mizani juu chini.

Kuna jambo jengine ambalo hatuwezi kuliruka, nalo ni hiba za wakati wa uchaguzi. Tumesikia watu, wala si wajinga, wakisema hivi: "Fedha hizo asili yake ni zetu; tuzichukue, kisha tumchague tumtakaye." Maneno haya yana utamu wa hila, na kwa hivyo yataka kuchunguzwa. Tuseme mtu amepewa shilingi 200. Atakayechaguliwa atakaa miaka mitano, yaani miezi 60. Basi alichopewa hakifiki shilingi nne kwa mwezi, nayo ndiyo bei ya kuachia maji, dawa na skuli ya mtoto wake. Hata dalali wa mnada angeona haya kuuza kwa bei hiyo.

Lakini hesabu ya fedha si ndiyo kubwa. Kubwa ni kwamba mkono uliopokea huufunga ulimi. Mwenye kula kitu cha mtu, hata akimpigia kura adui yake, siku ya baraza akisimama kuuliza huitazama sakafu. Na mtoaji naye, akiulizwa, hujibu kwa moyo wake ikiwa si kwa maneno: niliwanunua, sasa mnataka nini tena? Imepokewa katika hadithi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtuma mtu kukusanya zaka, naye aliporudi akatenga sehemu akasema kuwa hii ni yenu, na hii nimepewa mimi hiba. Mtume alikasirika, akapanda mimbari akauliza mbele ya watu kwa nini mtu yule asingekaa katika nyumba ya baba yake au mama yake akaona kama hiba zingemfuata huko. Swali hilo huvikata vichwa viwili vya nyoka mmoja. Mwenye cheo ajiulize: ningelipewa hiki kama sina cheo? Na mpiga kura ajiulize: ningelipewa hiki kama sina kura? Kama jawabu ni la, basi kilichotolewa si hiba, ni bei.

Huenda mtu akasema: Haya yote ni mema kwa kuandikwa, lakini ni nani aliyewahi kuyatenda? Jawabu halihitaji safari ndefu. Lipo ng'ambo ya mto wa Athi, katika Makueni. Kaunti ile ilianza vibaya. Gavana na bunge la kaunti waligombana juu ya makisio ya fedha hata kazi zikasimama, na tarehe 23 Septemba 2014 palitokea vurugu katika mji wa Wote, risasi zikalia katika uwanja wa bunge na watu kadhaa wakajeruhiwa. Maelfu ya wapiga kura walitia saini ombi la kutaka serikali yao wenyewe ivunjwe, kama Katiba inavyoruhusu. Tume ikaundwa, ikasikiliza, ikatoa rai ya kuvunjwa. Na mwaka 2015 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akaamua isivunjwe.

Wengi wangedhani kuwa hapo watu wangekata tamaa. Lakini katika miaka iliyofuata Makueni ikajulikana katika Kenya nzima kwa mabaraza yake. Kaunti ina wadi 30, nao hawakutosheka na kuita mkutano mmoja kwa kila wadi. Waliteremka mpaka katika vijiji, navyo ni zaidi ya 3,000, watu wakakaa, wakataja haja zao, wakachagua wa kuzipeleka mbele, ngazi kwa ngazi. Kila mradi ukawekewa kamati ya wale wale watakaoutumia, na mkandarasi hatakiwi kulipwa mpaka kamati hiyo ishuhudie kazi kwa saini yake. Mwaka 2016 ukaanzishwa mpango wa matibabu ambao nyumba moja ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Hatusemi kwamba Makueni imekuwa pepo. Wizi na uzembe haukosekani palipo na binadamu. Twasema tu kwamba watu wale ni jamaa wa watu wa Mutomo, lugha yao moja, ukame wao mmoja, na mto ulio kati yao huvukwa kwa gari kwa dakika moja. Kinachowezekana ng'ambo moja hakiwezi kuitwa ndoto ng'ambo ya pili.

Wala watu wa Mutomo hawakukosa mfano wa kwao wenyewe. Katika Ukambani wote, vikundi vya mwethya vimejenga mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu: ukuta hujengwa kuvuka mto, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga ule miezi mingi baada ya mto kukauka, jua lisipate kuyanywa. Watu hubeba mawe, hubeba maji ya kuchanganyia saruji, huandika nani amekuja na nani hakuja. Wajenzi wa ukuta huo wanajua vizuri maana ya kuhesabu. Lililobaki ni kuihamisha tabia ile ya mtoni mpaka katika ofisi ya wadi: daftari lile lile la waliokuja na wasiokuja, litumike kwa mifuko ya saruji ya serikali kama lilivyotumika kwa mawe ya jirani. Wahenga wetu walikwisha kusema kuwa mali bila daftari huisha bila khabari.

Hapa tungeweza kuweka kalamu chini, msomaji akafurahi kwamba wa bara wamepata nasaha. Lakini tuliahidi kwamba hukumu itarudi nyumbani, na ahadi ni deni.

Neno baraza ni letu sisi watu wa pwani. Kabla ya kuwa jina la mkutano wa serikali, lilikuwa ni ile sakafu ya mawe mbele ya nyumba ambapo wanaume hukaa baada ya alasiri wakanywa kahawa. Hapo barazani kwetu hapana jambo la mji lisilojulikana: nani amekula fedha ya soko, mtaro upi umeziba, taa ipi imezimika tangu mwaka jana. Hukumu hutolewa usiku kucha. Kukicha, hapana hata mtu mmoja aliyeichukua hukumu ile akaipeleka panapohusika.

Sisi tunaoandika haya hatujitoi. Mwaka mmoja, katika mji ambao hatutautaja, mvua kubwa ilinyesha, mtaro ulio nyuma ya chuo tunachosomeshea ukafurika, maji machafu yakaingia ndani, misahafu na vitabu vya watoto vikaharibika. Tulighadhibika, tukakusanyika watu kama ishirini tukaenda katika ofisi inayohusika, na maneno makali tumeyatayarisha njiani. Karani alitusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akafungua faili, akatoa karatasi ya mahudhurio ya mkutano wa makisio ya mwaka ule, uliofanywa katika ukumbi ulio hatua chache kutoka msikiti wetu. Yalikuwamo majina kumi na moja. Akatuuliza kwa adabu, bila ya kicheko: "Masheikh, majina yenu ni yapi hapa?" Hapakuwa na jina hata moja. Tangazo la mkutano lilikuwa limebandikwa, na baadhi yetu tulikuwa tumelisoma. Siku ile tulikuwa barazani, tukizungumza juu ya uchafu wa mji.

Hatusemi kwamba karani yule au ofisi yake ilikuwa haina kosa. Mtaro ulikuwa ni kazi yao, nao hawakuufanya. Lakini tulirudi nyumbani tumejua kwamba siku ya kuulizwa haitaanza na akhera peke yake. Nyengine huja hapa hapa duniani, juu ya meza ya karani, na mtu akakosa jawabu. Tulipokwisha kuvianika vitabu vile juani, tuliona jinsi wino ulivyotapakaa, na kila mtu kati yetu alikijua kitu alichokuwa akikifikiri mwenziwe.

Kwa hivyo tumeazimia jambo moja dogo, nalo hatulitangazi kwa kujisifu, ila ili tushikwe kwalo. Kila mwaka, itakapotangazwa mikutano ya makisio, watatu katika darsa yetu watakwenda kwa zamu, watasoma karatasi zilizotolewa, watauliza, na Ijumaa inayofuata watawaeleza watu baada ya sala yale waliyoyasikia: fedha ngapi, kwa kazi gani, mtaa upi. Mwaka ukisha watarudi kutazama kama kazi imefanywa. Hatuoni kwamba hiyo yatosha, lakini ni mwanzo wa kumzika maiti.

Na ewe msomaji wetu, uliye Mvita au Malindi, au hata wewe uliyefungua duka lako Mutomo ukanunua na kuuza na watu wa huko, twakuomba usitupe karatasi hii kabla ya kujiuliza maswali matatu. Je, waijua tarehe ya mkutano wa makisio katika wadi yako? Je, wamjua mtu mmoja aliyekwenda mwaka uliopita? Na kama humjui, nani mwengine ila wewe? Usiseme kuwa wewe ni mgeni pale ulipo. Mwenye kunywa maji ya kisima ana haki ya kuuliza kamba, na ana wajibu wa kuifunga inapokatika.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wale wanaoitazama amana ya watu kama wanavyoitazama mali yao, na atusamehe siku zote tulizokaa barazani.